Waliacha Ukumbi Wakapanda Meli: Fungate ya Bandari za Ulaya na Michango Iliyorudishwa

Bajeti ya harusi ilisoma milioni 35. Ukumbi, mapambo, chakula cha watu 300, MC, keki, magari ya maharusi, na wale jamaa wa video wanaokuja na droni. Bajeti ya fungate ya meli ya kitalii, siku kumi, watu wawili, nauli ya ndege ikiwa humo humo, ilisoma milioni 14 na kidogo. Maharusi hawa wa Dar, bibi harusi mhasibu, bwana harusi fundi wa minara ya simu, waliziangalia hizo karatasi mbili karibu mwezi mzima. Mwisho wakachagua meli.

Hapo wengi wenu mnapiga makofi. Subirini kwanza.

Kamati ilikuwa imeshakaa vikao viwili chini ya mwembe, nyumbani kwa baba wa bibi harusi kule Tandika. Kwa mhazini tayari kulikuwa na milioni sita na laki nne, keshi, za wazee wenzake na majirani. Maharusi wakaona wawe waungwana. Sherehe haipo tena, basi hela irudi ilikotoka. Wakachukua daftari la mhazini, wakakesha na simu usiku mmoja, wakarudisha mchango wa kila mtu, jina kwa jina. Makato ya kutuma wakalipa wao. Kila mmoja akapata na ujumbe mzuri wa shukrani.

Ndoa ikafungwa Ijumaa baada ya Alasiri, pale pale nyumbani. Pilau la majirani, soda, dua, imeisha hiyo. Baba alimwozesha binti yake kama inavyotakiwa, akampa mkono mkwe wake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakuongea na binti. Simu inaita, hapokei. Akisalimiwa, salamu inarudi kupitia kwa mama.

"Mzee atapoa tu," bwana harusi alisema. Wiki tatu baadaye wanapanda ndege, mzee bado hajapoa.

KWA NINI OKTOBA

Kwa wanaopenda hesabu, hesabu ni hii. Ikifika Oktoba shule za Ulaya zimeshafunguliwa, familia zenye watoto zimerudi makwao, na bei za vyumba vya melini zinashuka. Kule nako ni vuli, ila vuli yao ni ya majani kugeuka rangi na jua kuzama mapema, na mvua inakuja inavyojisikia. Maharusi walichukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, ndicho cha bei ya chini. Ukizima taa humo hujui kama ni saa sita mchana au saa sita usiku.

Viza waliomba Italia, maana safari inaanzia na kuishia Genoa. Euro 90 kila mtu, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua za kazini. Angalizo kwa wanaojipanga: meli nyingine za njia hiyo zinapitia Tangier, ambako ni nje ya Schengen. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja tu, unaweza kukwama. Soma ratiba ya meli kabla hujajaza fomu.

Kuna mengine ambayo tangazo haliyapigii kelele. Ada ya huduma inakatwa kila siku kwa kila kichwa. Vinywaji vingi ni hela. Intaneti ya melini bei yake inauma, kwa hiyo maharusi waliamua simu ziwake zikifika bandarini tu. Kumbukeni hilo, maana kila habari ya nyumbani iliwakuta wakiwa wanashuka ngazi.

GENOA

Meli ilikuwa imefungwa gatini kama ghorofa lililolazwa ubavu. Kadi moja ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi, ndiyo kitambulisho cha kushukia na kupandia. Kabla ya kuondoka abiria wote wanaoneshwa jaketi la kujiokolea na sehemu ya kukutania ikitokea dharura. Hiyo haina staa wala nani.

Walikuwa na saa tano za kuzurura mjini. Genoa ndiko alikozaliwa Christopher Columbus, na mnara wake wa taa, wanauita Lanterna, una urefu wa mita 77 na umesimama hivyo tangu 1543. Ila kilichowashika maharusi ni vichochoro. Vyembamba, jua halifiki chini, nguo zimeanikwa juu kwa juu, huku harufu ya mkate wa focaccia, huku wazee wanabishana mlangoni. Ukitoa kengele za kanisa ungeapa uko Shangani, Zanzibar.

Ukitoka kwenye vichochoro unakutana na majumba ya matajiri wa zamani, mabenki na wafanyabiashara waliokuwa wakiwakopesha wafalme wa Hispania. Yanaitwa Palazzi dei Rolli, na tangu 2006 yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Rolli ni orodha. Serikali ya mji ilikuwa na orodha ya nyumba za kitajiri, na mgeni mkubwa akija, mwenye nyumba aliye kwenye orodha anampokea na kumlisha. Bibi harusi, mhasibu yule, alicheka: "Kumbe na hawa walikuwa na kamati!"

Akaposti video ya meli kwenye status. Jioni, kabla simu haijakosa mtandao, akafungua kuona nani ametazama. Jina la Baba lilikuwemo. Ameangalia, kimya.

MARSEILLE

Meli kubwa hapa hazifungi katikati ya mji, unahitaji basi kufika Bandari ya Kale, ile ambayo Wagiriki waliifungua kama miaka 600 kabla ya Kristo. Asubuhi wavuvi wanauza samaki hapo hapo gatini, wengine bado wanarukaruka kwenye sinia. Bwana harusi ni mtoto wa Kilwa Masoko. Alisimama mbele ya meza ya samaki dakika ishirini, anauliza bei ya kila kitu na hanunui chochote.

Walipopanda kuelekea soko la Noailles ndipo wakasikia mama mmoja nyuma yao anamgombeza mtoto. Lugha siyo Kiswahili, lakini maneno wanayashika, kama unasikia redio ya jirani kupitia ukutani. Ni Mngazija. Marseille ina Wakomoro wengi sana, na lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa karibu. Mama alipojua wanatoka Dar alifurahi kweli. Akawauliza swali moja tu la maana: harusi ilikuwaje? Kwa Wangazija harusi kubwa ni jambo la maisha, mtu anaweka akiba miaka na miaka, na asiyeifanya hahesabiki sawa na wenzake kwenye baraza la wazee. Maharusi wakatazamana. Bwana harusi akasema, "Ilikuwa ndogo." Mama akawapa pole. Ndiyo, pole, kama waliofiwa.

Wakiwa wanarudi kwenye basi ikaingia sauti ya shangazi: "Mwanangu, baba yako hana ugomvi na meli. Kaendesha kreni bandarini miaka thelathini na mbili, meli anazijua kuliko wewe. Hilo linalomkaba ni jingine. Ukirudi tutaongea."

Ukirudi. Siku nane mbele, na kesho yake ni bahari tupu.

KIJANA WA MOMBASA

Siku ya baharini kutwa ndiyo utajua kama mnapendana. Upepo wa vuli ulikuwa mkali, sitaha ya juu imefungwa, bwawa limefunikwa wavu, watu wote wamejaa kwenye bufee. Hapo ndipo mhudumu mmoja alipowasikia wakibishana kuhusu supu na kuwaambia kwa sauti ya chini, "Hiyo msile, ina nguruwe. Chukueni ile ya samaki. Mwatoka wapi nyinyi?"

Mombasa, Old Town. Mkataba wa miezi minane, hakuna siku ya mapumziko, zamu inaanza alfajiri. Kila akipata dakika mbili alikuwa anapita mezani kwao, kumimina maji tu ili asikie Kiswahili. Walipomwambia wako fungate akawapongeza, kisha akasema lake: "Arusi ya dadangu ilinipita nikiwa papa hapa baharini. Nikatuma mchango. Usiku ule mamangu akanipigia, akaniambia jina lako limesomwa mbele ya watu wote. Wallahi nililia jikoni. Yaani ni kana kwamba nilikuwepo."

Bibi harusi akamuuliza, kama utani: "Na wangekurudishia je? Tuseme arusi imebadilika, wakakurudishia hela yako?"

Kijana akasimama na jagi lake la maji. "Wanirudishie? Kwani nimewakosea nini?"

Akaenda meza nyingine. Bibi harusi hakumaliza samaki wake.

MALAGA, MLANGO WA BAHARI, CADIZ

Málaga waliiona vizuri: ngome ya Waarabu juu ya kilima, mtaa aliozaliwa Picasso mwaka 1881, jua la kutosha kuvua koti. Walipiga picha nzuri kuliko zote za safari na karibu hawakusemeshana. Bwana harusi alikuwa anaona mke wake anajitesa bure. "Tulirudisha hela ya watu, mke wangu. Hatujaiba." Jibu lilikuwa, "Sijasema tumeiba."

Usiku meli ikapita mlango wa Gibraltar, mahali ambapo Afrika na Ulaya zinatenganishwa na kilomita kama 14 tu. Walitoka nje wamejifunga mablanketi. Upande wa kulia taa za Hispania, upande wa kushoto taa za Moroko. Ukiangalia haraka haraka huwezi kujua ipi ni ipi.

Asubuhi wakaamka Cádiz. Kwa mwenye bajeti ya kubana hii ndiyo bandari ya ndoto: unashuka melini, unavuka barabara, uko mji wa zamani. Hakuna basi, hakuna teksi. Ni miongoni mwa miji mikongwe kabisa ya Ulaya Magharibi, waliuanzisha Wafoinike. Mwaka 1717 ofisi iliyosimamia biashara yote ya Hispania na Amerika ilihamishiwa hapa kutoka Seville, na fedha zikamiminika. Wafanyabiashara wakajenga minara juu ya paa za nyumba zao, zaidi ya mia moja, kwa kazi moja: kukaa juu na kuchungulia kama meli yenye mali yako inarudi.

Walipanda mnara wa Tavira, ulio mrefu kuliko yote mjini. Pale juu bibi harusi akasema maneno ambayo alikuwa hajayasema tangu Genoa: "Baba alikuwa anakaa juu hivi hivi. Kwenye kreni. Nikiwa mdogo alikuwa ananiambia, meli ikiingia yeye ndiye wa kwanza kuiona Dar nzima."

LISBON NA DHAHABU YA KILWA

Lisbon meli inaingia kwa mto, na hiyo ni starehe ya bure. Unapita mnara wa Belém mkono wa kushoto, unapita chini ya daraja jekundu la mwaka 1966, kisha inafunga karibu kabisa na Alfama, mtaa wa ngazi na vilima. Barabarani wanachoma njugu za chestinati, moshi mweupe kila kona, ndiyo alama kwamba vuli imeingia. Meli ilikuwa inalala hapo usiku mmoja.

Siku ya kwanza wakapanda tramu kwenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Vasco da Gama amezikwa hapo, kaburi la mawe yaliyochongwa, watalii wanapiga selfi. Ni yule yule aliyeondoka Belém mwaka 1497 na mwaka uliofuata akatokea Mombasa na Malindi. Ujenzi wa monasteri ulianza 1501, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na kodi ya biashara ya viungo na mali nyingine za ng'ambo. Bwana harusi alisoma yote haya kwenye simu akiwa kwenye foleni, kisha akakuta kitu kingine kikamfanya avute mkono wa mke wake. Mji huo huo una jumba la makumbusho ya sanaa za kale, na ndani yake kuna dhahabu ya kwao.

Siyo maneno ya kijiweni. Kesho yake asubuhi walikwenda. Iko ndani ya kioo, urefu kama sentimita 73, chombo cha kanisani cha kuwekea mkate mtakatifu, dhahabu na rangi za enameli, mitume kumi na wawili wamepiga magoti wameizunguka. Inaitwa Custódia de Belém. Imekamilika 1506, na kazi hiyo inatajwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Kwenye kitako chake yameandikwa maneno ya Kireno kwamba mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi kutoka Quiloa. Quiloa ni Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na kundi la meli za kivita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu yenyewe ilikuwa imekuja Kilwa kwa biashara ya Sofala, na ndiyo iliyoijenga ile miji ya mawe ambayo leo ni magofu. Mwaka 1505 Wareno wakarudi tena, safari hii wakauvamia mji na kuupora.

Bwana harusi alikulia ng'ambo ya pili ya maji, anayaona magofu hayo kila siku akienda kuogelea. Shuleni walipelekwa kwa mashua. Hakuna aliyewahi kumwambia dhahabu iko wapi. Alisimama pale mpaka mlinzi akaanza kumwangalia. Halafu akasema polepole, bila hata kugeuka: "Ya kwetu ilichukuliwa kwa mizinga, miaka mia tano na zaidi, haijarudi. Ya wazee wa Tandika ilitolewa kwa moyo, sisi tukairudisha kwa usiku mmoja."

Bibi harusi akatoka nje ya ukumbi. Alimkuta kwenye bustani ya nyuma, ile inayoangalia mto, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"HIYO MELI INA UREFU GANI?"

Hakuposti kitu siku hiyo. Aliandika ujumbe mrefu kwa baba yake, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Walipofika gatini, bado saa moja kabla ya muda wa mwisho wa kupanda, alipiga picha ya kamba za meli zilivyofungwa kwenye nguzo, akamtumia na maneno mawili: "Shikamoo Baba."

Dakika arobaini. Bwana harusi anaangalia saa, maana meli haimsubiri mtu aliyezurura mwenyewe. Ndipo ikaingia: "Marahaba. Hiyo meli ina urefu gani?"

Akapiga. Safari hii ikapokelewa. Waliongea habari za kreni na tani mpaka zikaisha, halafu mzee akasema alichokuwa amekishika wiki zote hizo. Kuna mzee mwenzake, fundi viatu pale mtaani. Mwaka 2004 alimwoza binti yake akiwa hana mbele wala nyuma, na baba huyu akampelekea gunia la mchele bila kuombwa. "Miaka ishirini mwenzangu anaisubiri siku yako asimame mbele za watu," mzee akasema. "Alileta laki moja. Unajua laki moja kwa fundi viatu ni nini? Nyie mkamrudishia kwenye simu, usiku. Asubuhi kaja hapa kuniuliza tumekosana nini. Nilimjibu nini, mwanangu?"

"Nisamehe, Baba."

"Pandeni meli, mtaachwa."

Siku zilizobaki, Alicante na bahari na Genoa tena, maharusi hawakuzitumia kupiga picha sana. Waliomba kalamu na karatasi mapokezi, wakaanza kuandika majina.

Desemba, katikati ya mvua za vuli yetu, turubai lilifungwa chini ya ule mwembe. Hakuna kadi, hakuna ukumbi, wali na nyama na muziki wa taarabu wa spika moja. Maharusi walipita nyumba kwa nyumba wenyewe kualika, na kila mlango waliomba radhi. Milango miwili haikukubali, na wenye hiyo milango hawakuja mpaka leo. Waliokuja walichanga tena, milioni tano na laki moja, pungufu ya ile ya kwanza. Mhazini akasoma majina kwa sauti, moja moja. Fundi viatu aliposomwa alisimama, akavaa vizuri kofia yake, akasubiri makofi yaishe ndiyo akakaa. Baba mtu alikuwa anatazama chini, anacheka peke yake.

Bibi harusi akiulizwa leo anasema meli angepanda tena hata kesho, na chumba kisicho na dirisha angekichukua tena. Kitu kimoja tu angebadilisha: lile daftari la mhazini angemwachia baba yake, aamue mwenyewe.

Haya wadau, sherehe imeahirishwa na michango imeshaingia. Wewe ungerudisha, au ungekaa nayo mpaka wazee waseme? Na uliyewahi kurudishiwa mchango wako, ulijisikiaje?